Kubeba mtumbwi mrefu kwa pikapu: bila ajali, bila ugomvi

Mtumbwi mmoja kwenye Ziwa Tanganyika hulisha nyumba nyingi. Kuna mwenye mtumbwi, kuna wavuvi wanaopiga kasia, kuna akina mama wanaoanika ndagala na kuzipandisha soko la mlimani, kuna na fundi anayengoja kumaliziwa malipo yake. Mtumbwi huo ukipasuka njiani kabla ya kugusa maji, wote wanaulizana: nani atalipa? Hapo ndipo jambo la kamba na mbao linakuwa jambo la amani.

Mwezi wa Oktoba 2005, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilianza kuwarudisha wakimbizi Wakongomani kutoka Tanzania, kwa meli, toka Kigoma hadi Baraka katika territwari ya Fizi. Wengi walikuwa wavuvi waliokimbia vita vya 1996 na 1998, na walirudi mikono mitupu. Katika vikundi vya uvuvi tunavyotembelea, waliorudi na wale waliobaki wanachanga pesa pamoja ili kununua mtumbwi. Ni hatua nzuri, lakini kuaminiana bado ni kuchanga. Mtumbwi uliovunjika unaweza kurudisha maneno ambayo watu walikuwa wamekwisha kuyaweka chini.

Fundi mara nyingi anafanya kazi mbali na maji, karibu na mahali mbao zinapopatikana. Kwa hiyo mtumbwi lazima usafiri, na gari linalopatikana ni pikapu. Katika makala hii tunaeleza namna ya kuubeba vizuri, na mambo ya kupatana kabla gari halijawashwa.

Njia iliyo fupi

Swali la kwanza ni hili: je, mtumbwi unahitaji kusafiri safari yote kwa gari? Barabara ya kitaifa namba 5, kutoka Uvira kupitia Makobola, Swima na Mboko mpaka Baraka, inafuata ziwa sehemu kubwa. Mara nyingi inatosha kuufikisha mtumbwi kwenye ufuko wa karibu, kisha wavuvi wauendeshe wenyewe kandokando ya pwani. Kati ya mwezi wa 5 na wa 9 pepo za kusini-mashariki huwa kali, basi waulizeni wavuvi wazee siku na saa inayofaa. Mtumbwi wa mbao ambao umekaa juani muda mrefu usiingie safari ya maji siku ile ile. Ulowesheni kwanza kando ya ufuko, mbao zivimbe na viungo vijifunge.

Kujua uzito

Pikapu nyingi zimetengenezwa kubeba karibu tani moja. Lakini hesabu hiyo ni ya mzigo uliolala chini sandukuni, wala si ya mzigo uliopandishwa juu kwenye barabara ya mashimo. Mti mbichi una maji mengi ndani, kwa hiyo mtumbwi uliochongwa juzi ni mzito kuliko ule uliokauka, hata kama una urefu ule ule.

Kama hamna mizani, fanyeni hivi. Watu 6 wenye nguvu wainue ncha moja tu, ncha nyingine ibaki chini. Anayeinua ncha moja anabeba karibu nusu ya uzito. Ikiwa kila mmoja anabeba kilo 25 hivi, nusu ni kilo 150, ni kusema mtumbwi wote una kilo 300. Wakishindwa kuuinua kwa utulivu, mtumbwi umezidi hapo: tafuteni lori. Gharama ya lori ni ndogo kuliko ya mtumbwi mpya, na ni ndogo zaidi kuliko ya mguu wa mtu.

Kwa nini usilazwe sandukuni

Tuchukue mtumbwi wa mita 7 na pikapu yenye sanduku la mita 2 na sentimita 30. Mkiusukuma sandukuni mpaka pua yake iguse kabini, katikati ya mtumbwi, pale penye mita 3 na nusu, patakuwa nje ya sanduku kwa zaidi ya mita moja. Uzito mkubwa unaning'inia nyuma. Mkia unavuta chini, na magurudumu ya mbele yanakuwa mepesi. Dereva anageuza usukani na gari halitii. Kwenye mteremko wa mlima hakuna nafasi ya pili.

Dawa yake ni kuuinua mtumbwi upite juu ya kabini. Mchomelea vyuma atengeneze mihimili miwili iliyo imara: mmoja nyuma ya kabini, mrefu kupita paa kidogo, na mwingine mwisho wa sanduku, wa kimo kile kile. Yote miwili ifungwe kwenye chuma cha gari kwa bolti, isiegemezwe tu. Paa la kabini lisibebe kitu, kwa kuwa halikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Kisha wekeni katikati ya mtumbwi kati ya mihimili hiyo miwili. Kwa mfano wetu, katikati ikikaa mita 1 na sentimita 10 nyuma ya kabini, pua itafika mbele mita 2 na sentimita 40 juu ya kabini na boneti, na mkia utatoka nje ya sanduku mita 2 na sentimita 30. Gari linabaki na usawa wake. Kwa pikapu yenye kabini mbili sanduku ni fupi, karibu mita moja na nusu. Hiyo haifai kwa mtumbwi wa urefu huu.

Kupakia

Mtumbwi usafiri kifudifudi, kingo zake mbili zikilala juu ya mihimili. Ukikaa wazi utajaa mvua. Maji ya kimo cha sentimita 5 tu, kwenye sakafu ya mita 5 kwa nusu mita, ni lita 125, na hizo ni kilo 125 za ziada juu ya kichwa cha dereva.

1. Chagueni mtu mmoja wa kutoa amri. Wengine wote wanyamaze.
2. Wekeni magunia au vipande vya mpira wa gurudumu juu ya mihimili.
3. Leteni mtumbwi nyuma ya gari juu ya magogo ya mviringo. Inueni pua, muiweke juu ya mhimili wa nyuma.
4. Inueni mkia na kusukuma mbele polepole mpaka katikati ifike mahali pake. Hivyo hakuna wakati ambapo watu wanabeba uzito wote.
5. Mtu yeyote asipite chini ya mtumbwi kabla haujafungwa.

Kufunga

Kamba zinazopita juu ya mtumbwi, moja kwa kila mhimili, zinauzuia kuruka. Lakini hazizuii kuteleza. Dereva akipiga breki mtumbwi unakwenda mbele, na kwenye mpando unarudi nyuma. Kwa hiyo fungeni pia kamba mbili kutoka puani, moja kila upande, hadi kwenye chuma cha mbele cha gari, na mbili kutoka mkiani hadi chini ya sanduku.

Kamba ya nailoni inalegea ikilowa, na ya katani inakaza. Mvua ikinyesha, simameni na mzikague. Pale kamba inapopita juu ya chuma chenye makali, wekeni kipande cha mpira. Mkaguo wa kwanza ufanyike baada ya kilomita 5, kwa sababu ndipo mzigo unapojipanga, kisha kila kilomita 20. Jua likiwa kali, funikeni mbao kwa majani mabichi au magunia yaliyolowa ili zisipasuke.

Njiani

Mkia wa mtumbwi ni hatari kwa watu kuliko kwa gari. Gari likikata kushoto, mkia unafagia kulia, na kulia kuna mama aliyebeba kuni na watoto wanaotoka shule. Dereva haoni vizuri huko nyuma. Kabla ya kona na katikati ya kijiji, msaidizi ashuke, atembee nyuma ya gari na kuwasogeza watu kwa maneno ya heshima.

Fungeni kitambaa chekundu mkiani. Msisafiri usiku. Mnapovuka kijito, pimeni kwanza: gari likipanda ng'ambo, mkia unashuka na unaweza kugonga chini. Na hata kama watu wanaomba sana, msimpandishe abiria juu ya mtumbwi wala chini yake. Tunajua ni vigumu kumkatalia jirani lifti. Mwelezeni mapema kwamba kamba ikikatika, yeye ndiye wa kwanza kuanguka.

Kwenye barieri

Wakati wa vita mitumbwi mingi iliporwa, kwa hiyo askari kuuliza mtumbwi ni wa nani si jambo la ajabu. Andaeni barua yenye majina ya muuzaji na mnunuzi, vipimo na rangi ya mtumbwi, na sahihi ya chefu wa kijiji unakotoka. Kikundi kiwe na msemaji mmoja. Gari lizimwe, kofia ivuliwe, aseme: "Jambo mkubwa. Huu ni mtumbwi wa kikundi chetu cha wavuvi. Barua ya chefu hii hapa." Mkiombwa kodi, ombeni risiti kwa upole. Watu watano wakijibu pamoja kwa sauti, hata barua nzuri haitasaidia. Na kabla ya kuondoka, ulizeni hali ya usalama kwa wale waliopita njia hiyo asubuhi ile ile, maana hali inabadilika upesi.

Makubaliano kabla ya kuondoka

Mizozo mingi tunayoitwa kusuluhisha haitokani na ajali yenyewe. Inatokana na kutojua nani alikubali nini. Mwenye gari anasema alikodisha gari tu. Fundi anasema kazi yake iliishia kiwandani. Kikundi kinasema hakijapokea kitu. Kila mmoja ana sehemu ya haki, na ndiyo maana ugomvi hauishi.

Karatasi moja inatosha. Iandikwe kwa lugha inayoeleweka na wote, isomwe kwa sauti mbele ya wanaojua kusoma na wasiojua, na kila upande ubaki na nakala. Iseme:

- mtumbwi una hali gani unapopakiwa, pamoja na nyufa zilizopo tayari;
- nani anasimamia kufunga, na nani ana neno la mwisho kuhusu kusimama au kuendelea;
- mtumbwi ukivunjika, kila upande utabeba sehemu gani ya gharama;
- mtu akiumia, nani anampeleka hospitali na nani analipa;
- nani wataitwa kusuluhisha kabla ya kwenda kwa polisi.

Katika kikundi chenye waliorudi na waliobaki, tunashauri wawakilishi wa pande zote mbili wawepo wakati wa kupakia na wakati wa kushusha. Aliyeshika kamba kwa mikono yake hataamini kirahisi uvumi kwamba wenzake walivunja mtumbwi makusudi.

Maswali ya kujadili katika kikundi

- Katika kijiji chetu, ni mali gani ya pamoja inayosafirishwa bila makubaliano yoyote?
- Mara ya mwisho kitu cha pamoja kilipoharibika, nani alilaumiwa kwanza? Kwa nini yeye?
- Ni nani anayekubaliwa na pande zote, ambaye anaweza kushika nakala ya makubaliano yetu?