Biashara yako inaitwaje? Niliyoona usiku wa kutuza wafanyabiashara

Wacha nikuambie ukweli mapema: sikualikwa. Beshte yangu anayepiga picha za harusi alipata kazi mbili siku moja, akanigawia hii ndogo pamoja na kamera yake, na onyo kwamba lenzi nikiivunja nitauza figo. Ndivyo nilivyojikuta Ijumaa jioni ndani ya ukumbi wa hoteli moja hapa Nakuru, nimevaa shati la kuazima, nikipiga picha wafanyabiashara wa hapa kwetu wakituzwa na chama chao.

Hafla hizo unazijua. Viti vimevishwa vitambaa vyeupe, mezani kuna vikombe vya vioo vimepangwa kama askari gwarideni, mfawidhi anaomba makofi kila dakika mbili. Kuna hotuba. Halafu kuna hotuba ya mtu anayeanza kwa kusema hana mengi, kisha anaongea dakika arobaini. Chakula kinanukia huko nyuma na hakuna anayethubutu kusimama.

Nilienda na dharau zangu, nakubali. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili karo ilipokataa kupatikana, na tangu hapo naishi kwa blogu, video fupi na kazi za kuokoteza. Kichwani mwangu chama cha wafanyabiashara kilikuwa klabu ya mabuda wenye suti, watu wa kupeana kadi na kusifiana. Nilipanga kupiga picha zangu, kudishi, kisha nidandie matatu ya mwisho.

Sasa mfawidhi akaita mshindi wa biashara ndogo iliyokua. Akapanda mama mmoja wa makamo, kitenge cha kijani, viatu vya chini. Nikamwangalia kupitia lenzi na karibu nisahau kubonyeza. Msee, huyu mama namjua! Alikuwa akiuza njugu kwenye stendi ya matatu ya Kaptembwo nikiwa shule ya upili. Za shilingi kumi, kwenye karatasi ya gazeti iliyokunjwa kama pembe, na ukimsalimia vizuri anakuongezea kidogo. Leo anauza siagi ya njugu kwa mikebe yenye lebo, inapatikana madukani, na amewaajiri watu.

Wakati wa chakula nilimfuata na sahani yangu.

"Mama, shikamoo. Mimi nilikuwa mteja wako pale stendi."

Akanitazama, akacheka. "Wewe ni wa zile njugu za kukopa?"

Nikanyamaza. Huenda ni mimi.

Nilimuuliza vile alivyotoka kwenye beseni hadi jukwaani, na nilitarajia ile hadithi tamu ya bidii na maombi. Bidii aliitaja, lakini kwa haraka, kama mtu anayepita kwenye duka ambalo hana haja nalo. Alichokaa nacho ni makaratasi. Alisema siku moja alipeleka mikebe kumi kwa duka kubwa, wakaionja, wakaipenda, kisha wakamuuliza maswali manne: jina la biashara limesajiliwa? Kibali cha kaunti kiko wapi? Alama ya ubora ya KEBS? Na invoisi utaandika kwa jina gani? Alirudi nyumbani na mikebe yake kumi.

"Kijana wangu, hao watu hawakukataa njugu," aliniambia. "Walikosa mtu wa kumlipa."

Ilimchukua karibu miaka mitatu kupata zote. Chama alijiunga nacho katikati ya hiyo safari, baada ya kusukumwa na jirani yake wa sokoni, na miaka miwili ya kwanza alilipa ada bila kuhudhuria mkutano hata mmoja, kwa sababu asubuhi ni wakati wa kukaanga. Alipoanza kwenda, aliketi meza moja na mwenye kiwanda kidogo cha mikebe, na upande wa pili akaketi mwenye maduka matatu. Basi. Hiyo ndiyo siri yake. Akanionyesha kile kikombe cha kioo: "Hiki hakiuzi njugu. Kilichouza ni ile meza."

Halafu akaniuliza swali ambalo halijaniacha hadi leo. "Na wewe biashara yako inaitwaje?"

Nikamtajia jina la blogu. Akauliza limesajiliwa? Nikaanza kueleza vile mambo ya mtandaoni ni tofauti kidogo, vile mimi bado najipanga… Akawa ananitazama tu huku akitafuna.

Wacha nikupe siri yangu sasa, kwa kuwa yeye amenipa yake. Mwaka jana kampuni moja ilipenda video zangu, ikataka nifanye kazi nao miezi mitatu. Elfu tisini kwa jumla. Mimi huyo nikaanza kuzitumia kichwani: kodi ya nyumba, simu mpya, kumtumia shosh kitu kidogo. Kisha ikaja barua pepe fupi: tutumie invoisi, cheti cha ulipaji ushuru, na akaunti ya benki kwa jina la biashara. Nilikuwa na wafuasi elfu kadhaa na nembo nzuri sana. Karatasi, sifuri. Kazi ilienda kwa mwingine. Nilikasirika wiki nzima nikidai wananichukia kwa sababu sina digrii. Digrii hawakuwa hata wameuliza.

Kama hadithi hii inakuchoma, jua hauko peke yako. Shirika la Takwimu la Kitaifa, KNBS, lilifanya uchunguzi wa biashara ndogo na za wastani mwaka wa 2016. Lilipata biashara kama milioni 7.4 nchini. Zilizokuwa na leseni? Takriban milioni 1.56. Nyingine milioni 5.85 hivi zilikuwa zinafanya kazi bila leseni. Yaani ukipanga biashara tano za Kenya kwenye foleni, karibu nne hakuna karatasi inayozitambua. Mama mboga, kinyozi wa kibandani, yule dada anayesuka watu kwa nyumba, mimi na blogu yangu. Tunalisha nchi, lakini ikifika siku ya kutuzwa, nani atakuita jukwaani kama jina lako haliko kwenye daftari lolote?

Ndiyo maana nasema tuzo za namna hii zisikudanganye wala zisikuudhi. Hazipimi nani anajituma zaidi. Zinapima nani anaonekana. Kati ya wale ambao tayari wanaonekana, sawa, zinachagua waliofanya vizuri, na yule mama alistahili kabisa. Lakini pale Kaptembwo kuna mtu anakaanga njugu saa hii kwa bidii ileile, na hakuna mwamuzi yeyote atakayefika kuzionja.

Hizi jumuiya zenyewe zina historia ndefu kuliko nilivyodhani. Kule Ufaransa, wafanyabiashara wa Marseille waliunda chama chao mwaka wa 1599. Hapa kwetu, Chama cha Kitaifa cha Wafanyabiashara na Viwanda, KNCCI, kilianza 1965, na kilivyoanza ndicho kilichonishtua: kabla ya hapo kulikuwa na vyama vitatu, kimoja cha Wazungu, kimoja cha Wahindi na kimoja cha Waafrika. Mtu na rangi yake, hata kwenye biashara. Vikaunganishwa miaka miwili baada ya uhuru. Leo kina matawi katika kaunti zote 47. Kazi yake ni kuwasemea wafanyabiashara serikalini wakati ushuru na ada zinapangwa, kuwakutanisha na wanunuzi wa nje na, hii wengi hawaijui, kutoa cheti cha asili ya bidhaa kwa wanaouza ng'ambo, ile karatasi inayothibitisha kwamba mzigo wako umetoka Kenya.

Unaona vile mlango wa 1965 ulivyofunguliwa? Ukuta wa rangi ulianguka. Ukuta wa karatasi ukabaki. Na kusema kweli, huo wa pili sehemu yake tunaujenga wenyewe kwa uoga.

Uoga wa KRA, hasa. Kila nikiwauliza mabeshte kwa nini hawasajili biashara, jibu ni "watanikamua". Wacha tuangalie hesabu. Kwa sheria ilivyobadilishwa 2023, ile kodi ya mauzo ya asilimia 3 inaanza kwa biashara inayouza zaidi ya shilingi milioni moja kwa mwaka, hadi milioni 25. Milioni moja kwa mwaka ni kama elfu 83 kila mwezi. Wewe na mimi tungekuwa tunauza ya elfu 83 kila mwezi, tungekuwa tunabishana hapa? Usinielewe vibaya, ukiwa na PIN lazima ujaze ripoti ya mapato kabla ya Juni 30 hata kama hukupata kitu, na ukisahau kuna faini. Lakini kusahau kujaza fomu si kukamuliwa. Huko ni kusahau.

Kuna kitu kingine kinachoniuma zaidi. Asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu walio na ulemavu, mpango unaoitwa AGPO. Upo tangu 2013. Kusajiliwa kama biashara ya vijana, angalau asilimia 70 ya wamiliki wawe wa umri wa miaka 18 hadi 35, na viongozi wote wawe vijana. Lakini bila biashara iliyosajiliwa, hata ukiwa na miaka 19 na nguvu za punda, hiyo fomu huwezi kuijaza. Ndio, najua utaniambia kaunti hukawia kulipa. Kuna watu wamesubiri malipo hadi wakauza gari walilonunulia mkopo. Hiyo ni kweli na ni aibu. Lakini mtu hawezi kuchelewa kukulipa kazi ambayo hukuweza hata kuiomba.

Turudi ukumbini. Kuna picha moja niliipiga na sikuiweka kwenye zile nilizowatumia. Nilikuwa nimesimama nyuma kabisa, karibu na mlango wa jikoni, nikitafuta pembe ya kuonyesha ukumbi wote. Nilipoiangalia baadaye nikaanza kuhesabu vijana wa rika langu. Nikapata wahudumu sita wenye sinia, jamaa wa vipaza sauti, dada aliyekuwa akiandikisha wageni, na kivuli changu ukutani. Mezani labda wawili, na mmoja nadhani alikuwa amemsindikiza babake.

Sasa hapo nani wa kulaumiwa? Mimi nasema tugawane. Chama chochote kinachotaka kusherehekea biashara za mji kingeweza kuweka meza moja tu, si kumi, ya wale ambao bado hawana leseni. Waketi karibu na mwenye kiwanda cha mikebe. Wasikie akiongea. Mkutano mmoja ufanyike jioni, wakati anayekaanga amemaliza kukaanga. Kwetu nako, tuache kujiita Mkurugenzi Mkuu kwenye Instagram wakati pesa za wateja zinaingia kwa simu ileile tunayonunulia bando na chipsi. Nimesema "tuache". Nimejiweka ndani.

Usiku ule nilifika kwa nyumba saa saba. Badala ya kulala nikafungua eCitizen kwa simu, nikaenda sehemu ya kusajili jina la biashara, nikaandika jina la blogu yangu, lile nimelitumia miaka minne na lililo kwenye fulana mbili nilizochapisha. Nikalipa ya kutafuta jina, nikalala.

Jibu likaja: limekataliwa. Kuna mwingine aliyesajili jina linalofanana nalo.

Jumatatu yule mama akanipigia. Alitaka picha yake ya jukwaani, kubwa, ya kuning'iniza pale anapokaangia. Tukapatana bei bila maneno mengi.

"Nitume kwa nambari gani," akauliza, "na litatokea jina gani?"

"Litatokea langu tu, mama. La biashara limekataliwa. Nimepeleka mengine matatu."

"Basi picha niletee ukishapata," akasema. "Nataka risiti."