Chombo Gani Kinahimili Asidi? Kweli na Si Kweli

Wengi wetu tunaamini kuwa chombo kigumu ndicho kinachoihimili asidi. Ugumu hausaidii. Kinachoamua ni asidi yenyewe ni ipi, ina maji kiasi gani, na chombo kimetengenezwa kwa kitu gani. Tuzipime imani tano.

1. "Kioo hakiliwi na asidi yoyote."
Si kweli. Siki, asidi ya salfuriki na asidi ya nitriki hukaa salama ndani ya chupa ya kioo. Asidi ya hidrofloriki haikai. Hiyo hushambulia silika, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya kioo, na ndiyo maana viwandani hutumika kuchora nakshi juu ya vioo. Yenyewe huhifadhiwa kwenye plastiki, kama polithini au tefloni.

2. "Dhahabu haiguswi na asidi."
Si kweli. Asidi ya nitriki peke yake haiiwezi, wala ya hidrokloriki. Zikichanganywa, moja ya nitriki kwa tatu za hidrokloriki, dhahabu huyeyuka. Mwaka 1940, majeshi ya Ujerumani yalipoivamia Denmark, mkemia George de Hevesy aliyeyusha hivyo medali za Nobel za Max von Laue na James Franck mjini Copenhagen, zisiangukie mikononi mwa Wanazi. Majimaji hayo yalibaki rafuni hadi vita vilipokwisha; dhahabu ikatolewa, medali zikatengenezwa upya.

3. "Asidi isiyochanganywa na maji ndiyo inayokula chuma zaidi."
Si kweli kila mara. Asidi ya salfuriki ya asilimia 93 hadi 98 husafirishwa kwa matangi ya chuma cha kawaida, kwa sababu mara inapokigusa chuma hujenga utando wa salfeti unaokikinga. Maji yakiingia, utando huo huyeyuka, chuma huanza kuliwa na gesi ya haidrojeni inayoweza kulipuka hutoka.

4. "Achari isihifadhiwe kwenye sufuria ya alumini."
Kweli. Alumini ina utando mwembamba unaoilinda, lakini ndimu, siki na chumvi huuvunja, na alumini huingia kwenye chakula. Ndoo ya bati lililopakwa zinki ni mbaya zaidi: juisi chachu ikikaa humo huchukua zinki ya kutosha kumtapisha mnywaji. Tumia chupa ya kioo yenye kifuniko cha plastiki.

5. "Maji ya betri yanaweza kuwekwa kwenye chupa tupu ya maji ya kunywa."
Si kweli, na imani hii ndiyo inayoniogopesha kuliko zote. Ni kweli kwamba kasha la betri ya gari ni la plastiki, polipropilini, na linaihimili asidi ya salfuriki iliyomo. Lakini kuhimili asidi ni nusu tu ya kazi ya chombo. Nusu ya pili ni kumwonya anayekishika. Asidi hiyo haina rangi. Mtoto mwenye kiu akiikuta kwenye chupa anayoijua, atakunywa, na itamuunguza koo na tumbo. Iacheni kwenye dumu ililouzwa nalo, lebo ikisomeka, mahali panapofungwa kwa ufunguo. Dumu likiisha, lisitiwe maji wala mafuta ya kula.