Moshi mweupe huja mwisho, siasa za Papa huanza mapema

Wapo watakaouliza, sisi Waislamu wa Pwani mambo ya Papa yatuhusu nini? Yatuhusu. Wakatoliki ni majirani zetu, twazikana na watoto wetu husoma darasa moja. Neno la Papa kuhusu Uislamu hufika hadi parokia za Mombasa, Malindi na Lamu. Na wahenga walisema, usilolijua ni kama usiku wa kiza. Basi leo tuelezane vile Papa hupatikana, maana wengi wetu huona moshi tu kwenye televisheni.

Papa akifariki, au akijiuzulu kama Benedict wa 16 alivyofanya Februari 2013, wapiga kura ni makadinali peke yao, tena wale ambao hawajatimiza miaka 80. Hutengwa Vatican bila simu wala magazeti, wakapiga kura ya siri kwa karatasi ndani ya kanisa la Sistine. Mshindi lazima apate theluthi mbili. Karatasi huchomwa: moshi mweusi, bado, mweupe, amepatikana.

Baada ya Papa Francis kufariki tarehe 21 Aprili 2025, waliingia makadinali 133. Theluthi mbili yao ni kura 89. Siku ya pili, tarehe 8 Mei, akapatikana Robert Prevost, mzaliwa wa Chicago aliyefanya kazi miaka mingi Peru. Akachukua jina la Leo wa 14.

Sasa tazama hesabu. Kadinali hachaguliwi na waumini wala mapadri. Huteuliwa na Papa mwenyewe. Kati ya wale 133, 108 waliteuliwa na Francis. Yaani watu wake peke yao walizidi zile kura 89. Kwa hivyo uchaguzi haukuanza Mei. Ulianza miaka mingi nyuma, kila Francis alipotangaza orodha ya majina.

Na orodha zake zilivunja mazoea. Zamani askofu mkuu wa mji kama Milan alikuwa na uhakika wa kofia nyekundu. Francis alimruka, akaenda kutafuta watu Jamhuri ya Afrika ya Kati, Myanmar na Tonga. Mwaka 2013 Ulaya ilikuwa na zaidi ya nusu ya wapiga kura. Mwaka 2025 haikufika nusu. Tarehe 30 Septemba 2023, siku moja, aliwapa ukadinali Protase Rugambwa wa Tabora, Stephen Ameyu wa Juba na huyu Prevost. Haikupita miaka miwili, wote watatu wakawa chumba kimoja, na mmoja wao akatoka Papa. Kenya haikuwa na mpiga kura ndani.

Je, walioteuliwa ni vibaraka? La. Kura ni ya siri, na anayewateua hayupo siku wanapopiga. Yeye huamua nani ataingia chumbani. Nani atatoka Papa, huamua wao.

Hapa ndipo penye maslahi yetu. Mwaka 1965 Kanisa lilitamka rasmi, katika tamko la Nostra Aetate, kwamba lawaheshimu Waislamu. Lakini karatasi yategemea anayeishika. Mwaka 2006 maneno machache ya Benedict wa 16 katika chuo kikuu cha Regensburg yalizua maandamano katika nchi nyingi za Kiislamu. Februari 2019 Francis alikwenda Abu Dhabi, akatia saini hati ya udugu wa kibinadamu pamoja na Sheikh Ahmed el-Tayeb wa Al-Azhar. Kanisa ni lile lile, tamko ni lile lile, ila aliyekaa kitini ni mwingine.

Mrithi asiyeitaka hati ile hana haja ya kuifuta. Angeiacha tu ilale kabatini. Novemba 2025 Leo wa 14 alizuru Msikiti wa Sultan Ahmed, Istanbul, akavua viatu kama anavyovua mgeni yeyote mwenye adabu. Ni ishara ndogo, lakini mlango bado uko wazi.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukisikia Papa ametangaza makadinali wapya, usiipite habari hiyo haraka. Soma majina, uangalie watoka wapi na wamewahi kusema nini kuhusu majirani zao Waislamu. Huenda mmoja wao ndiye utakayemwona roshani siku moja, moshi ukishatoka.