Nyumba za Kupanga Mjini (2): Mpangaji wa Leo Anaulizia Nini

Katika sehemu ya kwanza tuliitazama nyumba ya Kiswahili, ile iliyojaza Magomeni, Ilala, Temeke na Mwananyamala: korido katikati, vyumba vitatu kulia na vitatu kushoto, nyuma kabisa uani, penye jiko, bafu na choo cha wote. Nyumba ile ilifaa pande mbili. Mwenye nyumba aliishi na familia yake katika chumba kimoja au viwili, akala kodi ya vilivyobaki. Na aliyeingia mjini na begi lake alipata chumba cha bei anayoimudu pamoja na majirani wa kumwelekeza. Wengi wetu tumelelewa humo, na sioni sababu ya kuidharau.

Leo tuangalie kinachotafutwa sasa. Msikilize dalali wa Sinza, Tabata au Kimara akinadi: “Chumba masta, luku yake, maji ndani, tailizi, jipsamu, madirisha ya alminiamu, ndani ya fensi, dakika tano kwa mguu kutoka lami.” Dalali hasemi neno la bure. Kila alichokitaja kuna wapangaji waliokwisha kukiulizia. Lakini vyote havina uzito sawa. Tailizi na jipsamu huvuta macho, na bei pia. Kinachomfanya mtu atoe pesa ni masta, yaani chumba chenye choo ndani, na luku yake, yaani mita yake mwenyewe ya umeme. Mpangaji wa Dar es Salaam bado yuko tayari kukaa uwanja mmoja na wenzake, geti moja, tangi moja la maji, kamba moja ya kuanikia nguo. Anachokikataa ni kuchangia choo na kuchangia umeme, na nitamtetea kwa yote mawili dhidi ya wanaosema vijana wa siku hizi wanajitenga.

Habari ya choo inaeleweka haraka. Zamu za usafi huanza vizuri, mwezi wa pili zinalegea. Mwanamke anayelazimika kuvuka ua usiku wa manane hahitaji kuelezwa thamani ya choo cha ndani, wala mama aliyekuwa na mtoto mdogo kwenye nyumba ya familia sita wakati kipindupindu kilipolipuka jijini Agosti 2015.

Umeme ndio wenye mambo. Luku ya pamoja imevunja ujirani mwingi kuliko umbea. Wapangaji watano wamekubaliana kuchanga sawasawa. Wa chumba cha mwisho ana taa mbili na chaja ya simu. Wa chumba cha mbele ana friji, pasi na hita ya kuchemshia maji. Umeme unaisha saa tatu usiku, kila mmoja anamsikilizia mwenzake, na nyumba nzima inalala gizani huku kila mtu akiwa na elfu mbili yake mfukoni. Baadhi ya wenye nyumba wameweka sabumita kila chumba. Inasaidia kujua nani katumia kiasi gani, lakini haigusi bei, na kwenye bei ndiko mpangaji anakoumia bila kujua.

Hesabu yake iko hivi. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA, mdhibiti wa huduma za nishati na maji, mwaka 2016, kabla ya kodi na tozo, mteja wa kundi la D1, yaani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, alilipa shilingi 100 kwa uniti. Wa kundi la T1, anayezidi hapo, alilipa shilingi 292. Sasa chukua wapangaji wetu watano, tuseme kila mmoja anatumia uniti 40. Kila mmoja angekuwa na mita yake kwenye D1, angelipa shilingi 4,000 tu. Wakiwa kwenye mita moja, nyumba imetumia uniti 200, imeangukia T1, na kila mmoja analipa shilingi 11,680. Punguzo liliwekwa kwa ajili ya mtumiaji mdogo, na hawa wote ni watumiaji wadogo; kosa lao ni kuishi chini ya paa moja.

Ongeza kodi ya majengo, ambayo tangu Agosti 2021 hukatwa kupitia luku. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, si ya mpangaji, lakini anayeingia kununua umeme ndiye anayekatwa. Kiasi ni kidogo, na wengi huona aibu kukidai. Mimi nasema kidai, au kitajwe tangu mwanzo kwamba kimo ndani ya kodi ya chumba.

Kwa hiyo dalali akisema “luku yake”, usiishie kuitikia. Omba namba ya mita, nunua umeme kidogo kwa simu, uone kama kuna deni la nyuma linalokatwa. Kisha zima meni swichi ya chumba unachoonyeshwa, utoke nje ukatazame taa za nani zimezimika. Ikizimika na ya barazani, na ya getini, na mota ya maji ikanyamaza, basi hiyo si luku yako. Ni ya uwanja mzima, na wewe ndiye utakayeulipia.

Mota hiyo inatupeleka kwenye maji. Oktoba 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka na jiji likaingia kwenye mgao, watu walijifunza kutofautisha bomba na maji. Tangu hapo mpangaji makini haridhiki na bomba la chumbani. Anauliza simtanki ni la lita ngapi, linalisha vyumba vingapi, maji ni ya DAWASA au ya kisima, na kama ni ya kisima yana chumvi kiasi gani. Onja. Maji ya chumvi hayatoi povu la sabuni na yanaharibu hita.

Usafiri nao una bei yake. Mwendokasi ulipoanza mwaka 2016 kati ya Kimara na Kivukoni, ukaribu na kituo ukawa sifa ya chumba. Lakini ukaribu usikupofushe: kama chumba kiko mabondeni, kwenye hatari ya mafuriko, katakitazame wakati wa masika. Ukishindwa, tazama ukuta chini ya dirisha. Rangi mpya iliyoishia usawa wa goti ina jambo inalolificha.

Halafu kuna watu. Zamani mwenye nyumba alikuwa chumba cha pili. Ugomvi uliamuliwa jioni hiyohiyo barazani. Sasa yuko mbali, ameacha namba ya simu na mtu wa kukusanya kodi. Wapangaji wengi wanaufurahia uhuru huo, na wanaulizia hasa yale yanayougusa: geti linafungwa saa ngapi, kila mmoja ana ufunguo wake, mgeni analala au halali. Msichana anayeanza kazi hupata maswali mazito kuliko kijana wa kiume, na mara nyingine hunyimwa chumba hivihivi tu. Jambo hilo linaniudhi, maana ndiye mpangaji anayehitaji zaidi geti na ufunguo.

Yote haya hujadiliwa kwa mdomo, dalali akiwa na haraka ya ujira wake wa kodi ya mwezi mmoja na mwenye nyumba akitaka kodi ya miezi sita mkononi. Sheria ya mwaka 1984 iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kinachombeba mpangaji kwa sehemu kubwa ni karatasi aliyotia saini. Sehemu ya tatu itaichukua karatasi hiyo kipengele kwa kipengele, tukianza na muda wa notisi.