Fahamu: Bakteria rafiki tumboni mwa kuku

Kifaranga wa mashine hamfuati mama akichakura. Hivyo utumbo wake hauna bakteria rafiki wa kutosha, na bakteria wabaya wa Salmonella hujipenyeza kwa urahisi.

Mwaka 1973, watafiti Nurmi na Rantala wa Finland walionyesha kwamba vifaranga waliopewa vijidudu kutoka utumbo wa kuku wakubwa waliihimili Salmonella. Probiotiki hufuata njia hiyohiyo: bakteria hai, kama Lactobacillus, huwahi nafasi na kutengeneza asidi inayowabana wabaya.

Njia hii ina umuhimu pale dawa zinapoondolewa kwenye chakula cha mifugo: Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo Januari 2006. Ulifanya vyema, kwani matumizi hayo huchochea usugu wa dawa, nao unaua watu.

Anayechanganya probiotiki kwenye maji ajihadhari: klorini ya bomba huweza kuwaua bakteria hao ndani ya ndoo, kabla kifaranga hajazamisha mdomo.