Tuache kura iamue, si mapenzi yetu

Wahenga walinena kwamba mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Methali hiyo ilinifika mimi mwenyewe nilipokuwa nikisomesha hisabati katika shule moja ya upili ambayo jina lake nalihifadhi. Nilianzisha masomo ya alfajiri kwa kila mwanafunzi aliyependa kuhudhuria. Muhula ulipokwisha, waliohudhuria waliwashinda wenzao kwa mbali. Nilisimama mbele ya wazazi nikatangaza kuwa dawa ya hisabati imepatikana.

Maneno yangu yalizaa mambo. Masomo hayo yalifanywa ya lazima, na ada ikatozwa. Mwanafunzi wangu mmoja, mtoto wa mjane, alikaa nyumbani majuma mawili hadi mamake alipouza mbuzi ili ailipe. Muhula uliofuata darasa zima lilifika alfajiri, lakini alama zikabaki zile zile. Ndipo nilipofungua daftari la mwaka uliotangulia, jambo ambalo ningalipaswa kulifanya mapema. Lo! Wale waliojitolea walikuwa mbele ya wenzao hata kabla sijawaamsha. Walikuwa na bidii, wengi wao waliishi karibu na shule, na kwao hapakukosekana taa ya kusomea. Nilipima bidii na taa, nikadhani napima ufundishaji wangu.

Kosa hili si la walimu wa vijijini pekee. Katika miaka ya 1990, wataalamu wa uchumi, akiwemo Michael Kremer, walichunguza manufaa ya chati kubwa za kufundishia katika shule za msingi za Busia na Teso, magharibi mwa Kenya. Walipolinganisha tu shule zilizokuwa tayari na chati na zisizokuwa nazo, ilionekana kwamba chati huinua alama kwa kiasi cha kutamanisha. Lakini walikuwa pia na shule 178 zilizogawanywa nusu kwa nusu, kwa utaratibu usiotazama mali ya shule wala juhudi za mwalimu mkuu. Nusu moja ilipewa chati, nusu nyingine haikupewa. Katika ulinganisho huo, uliochapishwa mwaka wa 2004, manufaa ya chati yalikaribia sufuri. Yamkini shule zilizojipatia chati zenyewe zilikuwa na mengi mengine mazuri, na chati zikapewa sifa isiyo yao. Mwaka wa 2019 Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa njia hii ya kutafuta ukweli kwa majaribio.

Wewe mwanafunzi unayeanza takwimu, usidhani kwamba jambo hili linahitaji mitambo au fedha. Chukua darasa la wanafunzi 40. Andika majina yao kwenye vikaratasi vya ukubwa mmoja, uvikunje, uvitie ndani ya sufuria na kuvikoroga vyema. Kisha mtu atoe 20 bila kutazama. Hao watapata mbinu mpya, na waliobaki wataendelea na ya zamani. Kura haijui nani ana bidii, nani ana taa, nani alikunywa chai asubuhi. Kwa sababu hiyo mambo hayo yote, hata yale usiyoyawazia, huelekea kugawanyika sawasawa baina ya makundi mawili.

Miiko ni michache, ila haina budi kushikwa. Amua kabla ya kuanza ni mtihani gani utakaokuwa kipimo. Anayesahihisha asijue karatasi ni ya kundi gani. Na mwanafunzi aliyeangukia kundi la mbinu mpya ahesabiwe humo humo hata akitoroka vipindi. Ukiwaondoa watoro, utakuwa umerudisha bidii mezani kwa mlango wa nyuma.

Je, tofauti ikionekana, si huenda ikawa bahati tu? Swali hilo ndilo moyo wa takwimu, na sufuria ile ile hulijibu. Andika alama zote 40 kwenye vikaratasi, uvichanganye, uvigawe mafungu mawili ya 20, kisha utafute tofauti ya wastani. Rudia mara 100. Ikiwa bahati tupu huzaa mara kwa mara tofauti kubwa kama yako, huna la kujivunia. Ikiwa huizaa kwa nadra mno, basi una hoja. Nimewahi kuona wanafunzi wa kidato cha tatu wakilielewa jambo hili kwa kipindi kimoja, ilhali kanuni zilizoandikwa ubaoni ziliwapita kama upepo.

Wako watakaonung'unika kwamba ni dhuluma kumnyima mtoto kitu kizuri kwa kura. Nami nauliza, tumejuaje kwamba ni kizuri? Aghalabu vitu vyenyewe havitoshi wote, na pasipo kura hupewa mtoto wa mwenye jina. Isitoshe, kundi la pili laweza kupewa zamu yake muhula unaofuata, iwapo mbinu itathibitika. Dhuluma niijuayo mimi ni ile niliyoitenda kwa nia njema: kumfanya mjane auze mbuzi kwa ajili ya dawa ambayo sikuwa nimeijaribu.

Walimu wenzangu, kila mwaka tunaletewa vitabu vipya, vyombo vipya na mitaala mipya, kila kimoja kikija na msifiaji wake. Tusimkatae wala tusimshangilie. Tumwombe kwanza atuambie ni nani waliojaribiwa, wamelinganishwa na nani, na ni nani aliyewagawa. Akisema walijichagua wenyewe, tumrudishe aende akatafute sufuria na vikaratasi.