Fimbo ya Gia Inayotetema: Sababu na Dawa Yake

Wenye motakaa wengi, hasa vijana, hupenda kuing'oa fimbo ya gia iliyotoka kiwandani na kutia nyingine fupi iliyoundwa na watengenezaji wengine, ili gia ziingie upesi. Jambo hili huonekana sana kwa wenye Subaru Impreza, motakaa iliyojipatia sifa katika Kenya kwa kushinda Safari Rally mwaka 1997 na mwaka 2000. Lakini baada ya siku chache wengine huanza kulalamika kwamba fimbo mpya hutetema mkononi na kuvuma kama nyuki ndani ya debe. Yafaa sababu zake zijulikane, kwa maana tetemeko moja huudhi tu, na jingine ni dalili ya hatari.

Injini ya silinda 4 huwasha petroli mara 2 katika kila mzunguko mmoja. Basi ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, hupiga mishindo 100 kila sekunde, na mishindo hiyo hupita katika giaboksi mpaka kwenye fimbo. Waundaji wa motakaa hulijua jambo hili, na kwa hiyo hutia mipira na bushi laini njiani ili zimeze mtikisiko. Fimbo nyingi za kununua dukani ni chuma kitupu toka juu hata chini, na bushi zake ni ngumu. Faida yake ni kwamba gia huingia bila kulegalega. Hasara yake ni kwamba kila mshindo humfikia dereva.

Tena, fimbo ni wenzo. Tuseme sehemu iliyo juu ya egemeo ina sentimeta 25, na iliyo chini ina sentimeta 5. Mkono utakwenda mara 5 ya mwendo wa chini. Sehemu ya juu ikikatwa ibaki sentimeta 20, mkono utakwenda mara 4 tu, lakini nguvu itakayotakiwa itaongezeka kwa robo. Hakuna anayepata ufupi bila ya kuulipia.

Kabla ya kufungua kitu cho chote, ni lazima kutafuta mahali kelele inapotoka. Motakaa isimamishwe mahali palipo wazi, breki ya mkono ivutwe, gia iwe huru, na injini iwake polepole. Kelele ikikoma klachi inapokanyagwa, yaelekea kasoro imo ndani ya giaboksi au klachi, wala si katika fimbo. Ikikoma mtu anaposhika kirungu cha fimbo, basi kuna kitu kilicholegea katika fimbo yenyewe. Na kama motakaa nzima inatetema, mipira inayobeba injini na giaboksi itazamwe kwanza, kwani ikipasuka hakuna fimbo itakayotulia.

Ikiwa kasoro ni ya fimbo, kazi ifanywe kwa utaratibu. Kirungu kikazwe, kisha bolti za chini. Bushi zilizolika zibadilishwe, na zipakwe grisi ya silikoni, kwa sababu grisi ya kawaida itokanayo na mafuta ya petroli huivimbisha na kuiharibu mipira ya namna nyingi. Itazamwe pia kama fimbo inagusa ukingo wa tundu la sakafu. Yote yakiwa sawa na mvumo ungalipo, zirudishwe bushi za mpira mahali pa zile ngumu, au kitiwe kirungu kizito zaidi, kwa kuwa kitu kizito hakitikisiki upesi.

Anayeingia chini ya motakaa asitegemee jeki peke yake. Magurudumu yazuiwe, motakaa iwekwe juu ya stendi imara, na bomba la moshi liachwe lipoe.

Mambo mawili yasidharauliwe. La kwanza ni kifuniko cha mpira kinachoziba tundu la sakafu chini ya fimbo. Kikipasuka au kisiporudishwa vema, kelele huzidi, na moshi wa injini waweza kuingia ndani. Katika moshi huo mna hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huua. La pili ni gia isiyoingia kamili kwa sababu fimbo imezuiwa na kitu kabla ya kufika mwisho. Gia ya namna hiyo yaweza kuchomoka wakati motakaa inateremka mlimani na mzigo wake.

Kwa hiyo, kazi ikiisha, gia zote zijaribiwe injini ikiwa imezimwa, hata ya kurudi nyuma. Kisha motakaa iendeshwe mwendo mfupi, na bolti zikaguliwe tena. Dereva asizoee kuegemeza mkono juu ya fimbo ili kuinyamazisha, maana uzito huo hufika ndani ya giaboksi na kuzila uma zinazosukuma gia. Wala asiitupe fimbo ya zamani. Ile mpya ikikataa kutulia, ya kiwandani yaweza kurudishwa, na motakaa ikaendelea na kazi yake.